Mtenda Aliyepotea: Historia ya Vitenzi vya Umiliki wa Kampuni Arusha, 1967–2021

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maneno ambayo Watanzania wameyatumia kueleza tukio moja, yaani kampuni kutoka mikononi mwa mmiliki mmoja na kuingia mikononi mwa mwingine. Mahali pa uchunguzi ni Arusha na maeneo ya Mlima Meru. Mji huu uliipa jina siasa ya kutaifisha mwaka 1967, kisha ukashuhudia kiwanda chake mashuhuri cha matairi kikipita kwa wamiliki kadhaa hadi kikanyamaza. Vitenzi *taifisha*, *rekebisha*, *binafsisha*, *wekeza*, *filisika*, *fa* na *fufua* vinachambuliwa kwa kuzingatia kauli zake na nafasi ya mtenda katika sentensi. Hoja kuu ni kwamba mtenda hutajwa mali inapochukuliwa na hutajwa tena inapoahidiwa kufufuliwa, lakini hupotea pale inapoharibika. Pengo hilo la kisarufi lina gharama kwa wale ambao sheria na siasa viliwaita wenye mali, yaani umma.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1991 ilitoka nchini Marekani filamu iitwayo *Other People's Money*, ambayo jina lake lingeweza kufasiriwa kuwa Fedha za Watu Wengine. Iliongozwa na Norman Jewison na msingi wake ni tamthilia ya Jerry Sterner. Ni tanzia-ramsa. Mnunuzi wa hisa kutoka New York, anayeigizwa na Danny DeVito, anainyemelea kampuni kongwe ya kutengeneza nyaya inayoongozwa na mzee wa heshima anayeigizwa na Gregory Peck. Mnunuzi huyu hana haja na nyaya. Anachokitaka ni tofauti iliyopo baina ya thamani ya mali za kampuni na bei ya hisa zake sokoni. Lakabu yake katika filamu ingetafsirika kwa Kiswahili kuwa *Mfilisi*. Kilele cha filamu ni mkutano wa wanahisa. Mzee anasimama kutetea kiwanda, wafanyakazi na mji wao, kisha mnunuzi anasimama kuwaambia kwamba kampuni imekwisha kufa na kwamba kilichobaki ni kila mmoja kuchukua chake. Kura zinapigwa, na mnunuzi anashinda.

Kicheko cha filamu hiyo kinauma kwa sababu hakuna hoja inayofichwa. Anayetaka kuua kampuni anasema kwamba ataiua, anaeleza sababu, na anayasema hayo mbele ya wenye mali kwa lugha wanayoielewa. Mshindi na mshindwa wote wana majina, na watazamaji wanajua nani alimtenda nani.

Arusha haijakosa kamera. Waigizaji wa *Hatari!*, filamu ya Howard Hawks iliyotoka mwaka 1962 ikiwa na jina la Kiswahili, walifika Momella chini ya Mlima Meru; lakini kamera zao zilifuata vifaru na twiga. Habari ya kampuni za mji huo imebaki katika maazimio, sheria, kumbukumbu za Bunge, riwaya na maongezi ya mitaani. Makala haya yanauliza swali ambalo filamu ya Jewison inalijibu kwa urahisi lakini Arusha haijalijibu: kampuni ilipobadilisha mmiliki, mkutano wa wenye mali ulifanyika wapi, kwa lugha gani, na nani alisimama kusema? Njia inayotumika kutafuta jibu ni ya kiisimu. Vitenzi vinasomwa hapa kama hati za historia.

2.0 Kabla ya Azimio: Ardhi ya Meru na majina ya mji

Mali haikuanza kuhama mikono pamoja na viwanda. Mwezi Novemba 1951, Wameru wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki, kaskazini mwa Mlima Meru, ili kuwapisha walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, alifika Umoja wa Mataifa mjini New York kulieleza shauri hilo. Azimio la kuwaunga mkono Wameru halikupata theluthi mbili ya kura zilizohitajika katika Baraza Kuu.

Shauri hili lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mwenye mali alipata kusimama mbele ya waliokuwa na uwezo wa kuamua, ingawa alishindwa. La pili ni la kisarufi. Tukio hilo linaweza kuelezwa kwa kitenzi *hamishwa* au kwa kitenzi *nyang'anywa*. Vyote viwili viko katika kauli ya kutendwa na vyote vinaweza kuachwa bila mtenda. Hata hivyo, *hamishwa* kinatoa taarifa ya mwendo tu, kutoka hapa hadi pale. *Nyang'anywa* hakiwezi kueleweka bila kumfikiria mnyang'anyi. Mwenye kuchagua kitenzi, kwa hiyo, huwa amekwisha kuamua kama kutakuwa na mshtakiwa au la.

Katika mji wenyewe, kampuni ziliacha alama ya namna nyingine. Mojawapo ya kata za Arusha inaitwa Unga Limited, kutokana na kampuni ya kusaga nafaka. Neno *Limited* katika sheria ya makampuni lina maana mahususi: dhima ya mwanahisa ina mpaka, na kampuni ikishindwa kulipa madeni yake, yeye hapotezi zaidi ya kile alichokiahidi katika hisa. Mkazi anayesema kwamba anaishi Unga Limited hana habari na dhima hiyo. Kwake neno hilo ni mtaa, nyumba za kupanga, soko na majirani. Ndivyo ilivyo pia kwa Philips, kituo cha daladala kilichopewa jina la kampuni ya redio. Mmiliki anaweza kuondoka na mashine zake, lakini jina hubaki kwa watu. Huenda hii ndiyo namna pekee ya umiliki ambayo umma wa Arusha umeipata bila sheria yoyote.

3.0 *Taifisha*: kitenzi chenye mtenda

Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na Azimio la Arusha likatangazwa tarehe 5 Februari. Siku iliyofuata benki zilitaifishwa. Katika siku chache zilizofuata zikaingia kampuni za kusaga nafaka, kampuni kubwa za biashara ya nje na shughuli za bima. Na katika viwanda kadhaa, vikiwamo vya bia, saruji, viatu na sigara, Serikali ilijitwalia hisa nyingi zaidi. Wenye kampuni waliahidiwa fidia.

Kitenzi *taifisha* kimeundwa na nomino *taifa* pamoja na kiambishi cha kutendesha *-ish-*. Maana yake ni kukifanya kitu kiwe cha taifa. Muundo wake una mambo matatu yanayostahili kuangaliwa. Kwanza, kampuni ni yambwa: ndiyo inayotendwa. Pili, mpokeaji ametajwa ndani ya mzizi wenyewe, kwa kuwa haiwezekani kutaifisha bila kulitaja taifa. Tatu, mtenda alitamkwa bila haya: Serikali imetaifisha. Hotuba za wakati huo zilijivunia tendo hilo. Hakukuwa na sababu ya kulificha, kwani kutenda kwenyewe ndiko kulikokuwa siasa.

Pembeni ya kitenzi hiki kulikuwa na nomino mbili za kuyatazama pia. Kampuni iliyotaifishwa iliitwa *shirika la umma*. Asili ya maneno yote mawili ni Kiarabu, lakini ndani ya Kiswahili *shirika* ni ndugu wa *shiriki*, *shirikiana* na *ushirika*. *Kampuni* ni neno la mkopo lisilo na ndugu. Halina kitenzi kinachomwalika msikilizaji. *Shirika* lina mwaliko ndani yake. Mfanyakazi aliyeambiwa kwamba kiwanda chake sasa ni shirika la umma aliambiwa, kwa mofolojia ya lugha yake, kwamba ana sehemu katika jambo hilo.

Mwaka huohuo wa 1967 Serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli za umma, na Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, likaundwa kwa sheria. Washairi wa UKUTA walilipeleka Azimio vijijini kwa ngonjera, na maneno *bepari*, *kabaila*, *mnyonyaji* na *kupe* yakawa msamiati wa kila siku. Maneno hayo yote ni nomino za watenda. Kupe hafyonzi kwa bahati mbaya. Lugha ya Azimio ilikuwa lugha iliyomnyooshea mtu kidole.

Upande wa pili wa meza, hata hivyo, lugha haikubadilika. Sheria zilizotekeleza Azimio ziliandikwa kwa Kiingereza, na ndivyo ilivyoendelea kuwa kwa sheria za makampuni. Azimio lilikuwa la Kiswahili. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza. Mwenye mali, yaani umma, alitangaziwa kwa lugha yake kwamba ana mali, lakini hati ya mali hiyo haikuandikwa kwa lugha hiyo.

Wafanyakazi waliuchukua mwaliko wa neno *shirika* kwa uzito kuliko ilivyotarajiwa. Baada ya Mwongozo wa TANU wa 1971, ambao uliwakataza viongozi kuwanyanyasa walio chini yao, wimbi la migomo na la kuwafungia mameneja nje lilipita viwandani. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel jijini Dar es Salaam walikitwaa kiwanda chao. Issa Shivji alilichambua wimbi hilo katika *Class Struggles in Tanzania* (1976). Serikali haikuiacha njia hiyo ienee. Kwa istilahi za makala haya, umma ulijaribu kuwa kiima cha kitenzi *twaa*, na nafasi hiyo ikarudishwa kwa Serikali.

Neno *taifisha* lenyewe limeendelea kuishi, lakini limehama. Leo msomaji wa magazeti hulikuta zaidi katika habari za mahakama: gari lililobeba nyara za serikali limetaifishwa, shehena ya magendo imetaifishwa. Kitenzi kilichobeba ahadi ya kuwapa wengi sasa kinabeba maana ya kumnyang'anya mkosaji. Mpokeaji, yaani taifa, amefifia ndani ya mzizi. Kilichobaki kinang'aa ni kule kuchukua.

4.0 General Tyre: ubia na mabadiliko yasiyo na jina

Kampuni ya General Tyre East Africa iliundwa mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio. Haikutaifishwa, ilizaliwa ikiwa *ubia*. Serikali ilikuwa na asilimia 74 ya hisa na kampuni ya General Tire ya Akron, Ohio, ilikuwa na asilimia 26. Mgawanyo huo ulionyesha vizuri tafsiri ya Azimio kwa viwanda vipya. Taifa lilishika hisa nyingi, na mgeni alileta utaalamu, mitambo na jina. Matairi ya Arusha yalianza kutoka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baadaye kampuni ilikuwa pia na mashamba ya mpira, Kalunga katika bonde la Kilombero na Kihuhwi wilayani Muheza, ili utomvu wa nchini uishie katika magurudumu ya nchini.

Jina la kampuni lilibeba matumaini ya wakati wake. Arusha ilikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na soko lililofikiriwa lilikuwa la nchi tatu. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Kuanzia hapo, maneno *East Africa* katika jina la kampuni yalikuwa makubwa kuliko soko lake.

Tukio la kufunza zaidi kwa mwanaisimu ni la mwaka 1987. Katika mwaka huo kampuni ya Continental ya Ujerumani iliinunua General Tire ya Marekani. Hakuna hisa hata moja ya Serikali ya Tanzania iliyouzwa. Hakuna mkutano uliohitajika Arusha. Hata hivyo, mbia wa umma alikuwa amebadilika: aliyekuwa mgeni wa Akron sasa alikuwa mgeni wa Hannover, mwenye viwanda vyake, masoko yake na hesabu zake za wapi tairi litengenezwe. Ndoa ilibaki ileile kwenye cheti, lakini mwenzi alikuwa mwingine.

Kiswahili cha wakati huo hakikuwa na kitenzi tayari kwa jambo hili. *Taifisha* hakikufaa, kwa kuwa taifa halikuhusika, na *binafsisha* hakikuwa kimezoeleka bado. Msemaji alibaki na vitenzi vya kawaida. Angeweza kusema General Tire *imenunuliwa*, neno lililotosha kwa hesabu lakini lisiloeleza kilichompata mbia wa Arusha. Angeweza kusema *imemezwa*, sitiari ya mnyama mkubwa na mdogo, ambayo humfanya mmezwaji atoweke ilhali kiwanda kilikuwa bado kinanguruma. Angeweza kusema Continental *imerithi* hisa za Arusha. Lakini kurithi kunataka kifo na ukoo, na hapa hapakuwa na msiba wala undugu. Kila kitenzi kilieleza upande mmoja na kuuacha mwingine gizani. Mabadiliko makubwa kuliko yote katika maisha ya kampuni hiyo, kwa hiyo, yalipita bila jina la Kiswahili, na jambo lisilo na jina ni vigumu kulihoji.

5.0 *Rekebisha*, *binafsisha*, *wekeza*

Mwezi Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha. Azimio la 1967 lilikuwa limemkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni yoyote, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya watu binafsi, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Uamuzi wa 1991 ulilifungua lango hilo. Wananchi waliupa jina la Azimio la Zanzibar. Inafaa kukumbuka kwamba huo ndio mwaka ambao filamu ya Jewison ilitoka. Katika filamu, mwenye hisa anatajwa hadharani kila baada ya dakika chache. Katika Tanzania, kiongozi alipata ruhusa ya kuwa mwenye hisa, lakini mkutano wa kulijadili jambo hilo pamoja na wenye mali haukuitishwa.

Mageuzi ya mashirika yalifuata. Sheria ya 1992 na marekebisho yake ya 1993 yalizaa chombo kilichojulikana kwa Kiswahili kuwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, au kwa kifupi PSRC. Kitenzi kilichochaguliwa kwanza kilikuwa *rekebisha*. Kurekebisha hakusemi chochote kuhusu umiliki. Kunasema tu kwamba kitu kilikuwa na kasoro na sasa kinawekwa sawa. Kasoro ilikuwapo kweli: mashirika mengi yalikuwa yakiendeshwa kwa ruzuku na madeni. Lakini kitenzi kilimaliza mjadala kabla haujaanza, kwa sababu hakuna mtu mwenye busara anayepinga kurekebishwa kwa kibovu.

Neno la pili lilikuwa *binafsisha*. Kwa sura ya nje ni pacha wa *taifisha*: nomino au kivumishi pamoja na kutendesha. Tofauti iko ndani. *Taifisha* hutaja mpokeaji mmoja anayejulikana. *Binafsisha* hutaja aina ya mpokeaji, si mpokeaji mwenyewe. Kiwanda kikitaifishwa, jibu la swali "kwa nani?" liko ndani ya kitenzi. Kiwanda kikibinafsishwa, jibu hilo halimo, na kauli ya kutendwa iliyopendwa na matangazo rasmi, *kimebinafsishwa*, ilimwondoa na muuzaji pia. Sentensi ikabaki na kiwanda peke yake.

Neno hilo lilikuwa pia na jirani mbaya. Kwa zaidi ya miaka 20 *ubinafsi* lilikuwa limefundishwa shuleni na mikutanoni kuwa uovu, kinyume cha ujamaa. Msikilizaji aliyelisikia *ubinafsishaji* alisikia *ubinafsi* ndani yake bila kuhitaji kamusi. Mofolojia ilikuwa imebeba hukumu ya maadili ambayo waundaji wa sera hawakuikusudia. Hii ni sababu mojawapo ya neno la tatu kupendwa zaidi katika hotuba, nalo ni *uwekezaji*.

*Wekeza* limetokana na *weka*, na yambwa yake ni fedha. Mtu huwekeza fedha *katika* kiwanda. Hapa sarufi imefanya mageuzi makubwa kuliko yale ya PSRC. Kampuni, iliyokuwa yambwa ya *taifisha* na ya *binafsisha*, imegeuka kuwa mahali. Haichukuliwi tena na mtu. Ni chungu kinachosubiri kutiwa kitu. Na mwenye kuichukua anaitwa *mwekezaji*, jina linalotokana na anacholeta na si anachopata. Neno *mnunuzi* lingeuliza bei. Neno *mwekezaji* linauliza shukrani.

Haisemwi hapa kwamba kila kilichoitwa uwekezaji kilikuwa hasara. Kampuni ya bia ya TBL, yenye kiwanda Arusha pia, iliingia ubia na kampuni ya bia ya Afrika Kusini mwaka 1993, na hisa zake zikaingia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998, ambako hata raia wa kipato cha kati aliweza kununua. Hapo neno *mwanahisa* lilipata maana ya Kiswahili kwa mara ya kwanza: mtu anayealikwa mkutanoni. Kinachosemwa ni kwamba msamiati mmoja uliwafunika wote, waliofufuka na waliozama, na hivyo ukawa mgumu kutumika kuwatofautisha.

6.0 *Filisika*, *fa*, *fufua*

Kufikia mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne ya 21, uzalishaji wa General Tyre ulikuwa umesimama. Kabla ya hapo kampuni ilikuwa imepata mkopo wa dola za Marekani milioni 10 kutoka Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, kwa dhamana ya Serikali. Fedha za mfuko huo ni michango ya wafanyakazi wanaojiwekea akiba ya uzeeni. Kwa hiyo jina la filamu ya Jewison, ambalo kule lilihusu hisa za watu wa Marekani, lilipata Arusha maana iliyo wazi kuliko alivyolikusudia mtunzi wake: fedha hizo kwa hakika zilikuwa za watu wengine. Mashine zilinyamaza, ajira zikapotea, na mkopo ukabaki ukitajwa katika ripoti na mijadala.

Namna ya kulieleza jambo hilo inafaa kusikilizwa kwa makini. Kiswahili kina kitenzi elekezi *filisi*, yaani kumwondolea mtu mali yake, na kina nomino *mfilisi*. Lakini kinachosikika zaidi ni *filisika*, kauli ya kutendeka. Kiambishi *-ik-* hueleza hali iliyokifika kitu bila kumhitaji mtenda. Kikombe huvunjika, kamba hukatika, kampuni hufilisika. Baada ya hapo kitenzi kinachotawala ni kifupi zaidi: kiwanda *kimekufa*. Maneno *viwanda vilivyokufa* yamekuwa kama istilahi rasmi nchini. Kufa hakuna yambwa wala mtenda. Ni jambo la Mungu na la wakati. Wapo wanaosema *viwanda viliuawa*, na tofauti ya kitenzi hicho kimoja ndiyo tofauti kati ya matanga na kesi.

Kisha huja *fufua*. Kitenzi hiki kimetokana na shina lilelile la *fa* kwa kauli ya kutendua: kinachukua kifo na kukirudisha nyuma. Na hapo mtenda anarudi. Serikali itafufua. Ahadi ya kukifufua kiwanda cha matairi cha Arusha imetolewa kwa nyakati tofauti, hasa baada ya hisa za mbia wa kigeni kuingia mikononi mwa Serikali na kampuni kuwekwa chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC. Kwa mtazamo wa sarufi, historia nzima inajipanga hivi: Serikali *ilitaifisha*, viwanda *vilikufa*, Serikali *itafufua*. Mtenda yuko katika sentensi ya kwanza na ya tatu. Katika ya pili hayupo. Hakuna sarufi ya Kiswahili inayolazimisha jambo hilo. Ni mazoea ya wasemaji yaliyoligeuza kuwa kanuni.

Mahali palipokaribia zaidi kuwa mkutano wa wanahisa ni bungeni. Bunge hujadili kwa Kiswahili, na tangu 2008 lilikuwa na Kamati ya Hesabu za Mashirika ya Umma. Humo General Tyre ilitajwa, mkopo ukatajwa, na maswali yenye watenda yakaulizwa: nani aliidhinisha, nani alipokea, nani atalipa. Vitenzi vya Bunge havikuwa *kufa* wala *kufilisika*. Vilikuwa *idhinisha*, *pokea*, *lipa*. Lugha ile ile iliyoweza kumficha mtenda iliweza pia kumfichua, mara ilipowekwa mahali ambapo mwenye mali ana mwakilishi na kanuni zinamtaka mtu ajibu.

7.0 Fasihi na urejeshaji wa mtenda

Fasihi ya Kiswahili ilitambua mapema kwamba kiini cha jambo ni mtenda. Katika riwaya ya Euphrase Kezilahabi *Dunia Uwanja wa Fujo* (1975), Tumaini ni mkulima tajiri ambaye shamba lake linaingia katika njia ya siasa ya ujamaa. Anajibu kwa risasi na kuuawa kwa sheria. Msomaji hahitaji kukubaliana na Tumaini ili aone alichokifanya mwandishi. Kuhama kwa mali kumetolewa kwenye tangazo na kuwekwa baina ya watu wawili, mmoja anayechukua na mwingine anayechukuliwa, wote wakiwa na sura.

Seithy Chachage, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alifanya hivyo kwa kipindi kilichofuata. Riwaya yake *Makuadi wa Soko Huria* (2002) inabeba hoja yake katika jina. *Soko huria* ni usemi usio na mtu: soko linaamua, soko linapanga bei. Chachage analiwekea mbele nomino ya mtenda, tena ya mtenda wa aibu. Kuwadi hanunui wala hauzi kilicho chake. Anamkutanisha mwenye fedha na asiye na uwezo wa kukataa, naye anachukua ujira wake. Ambapo hotuba zilisema *uwekezaji umekuja*, riwaya iliuliza ni nani aliyeushika mkono na kuuingiza ndani.

Kinachoziunganisha riwaya hizi mbili, zilizo na misimamo tofauti kuhusu ujamaa, ni kukataa kauli ya kutendeka. Kwa hili zinafanana na tanzia-ramsa ya Marekani iliyotajwa mwanzoni. Tofauti ni kwamba Kezilahabi na Chachage hawakuwa na mkutano wa wanahisa wa kuwaweka wahusika wao. Walilazimika kuwatafutia uwanja mwingine.

8.0 Hitimisho

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini. Kwa historia iliyoelezwa hapa, mabadiliko hayo ni zaidi ya suala la hadhi ya lugha. Pengo lililokuwapo tangu 1967 kati ya azimio la Kiswahili na mkataba wa Kiingereza sasa linaweza kuzibwa, na mwenye mali anaweza kuisoma hati yake. Lakini kutafsiri sheria hakutatosha ikiwa mazoea ya kumficha mtenda yatahamia humo. Sheria ya Kiswahili inayosema kwamba mali *itabinafsishwa* bila kusema na nani, kwa nani na kwa idhini ya nani, itakuwa imebadilisha msamiati na kuiacha sarufi ilivyo.

Kazi iliyo mbele ya wanaisimu, waunda istilahi na wafasiri wa sheria ni ndogo lakini ni ya lazima. Kiswahili kina vitenzi elekezi vya kutosha: *uza*, *nunua*, *idhinisha*, *filisi*, *lipa*. Kila kimoja kinataka kiima na kinakubali yambwa. Vitumike katika mikataba, ripoti za ukaguzi na taarifa za habari pale ambapo watendaji wanajulikana. Wafanyakazi waliochangia NSSF, wakulima wa Kihuhwi na Kalunga, na wakazi wa mitaa iliyorithi majina ya kampuni, wote waliambiwa kwamba wao ndio umma. Mwenye mali ana haki ya kuambiwa mali yake ilitendwa nini, na ilitendwa na nani. Sentensi ya pili kati ya zile tatu, ile ya viwanda kufa, bado inasubiri kiima chake.